Fankisheni ya Kunakili

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza "tuma" fundi alipoona alichokifanya.

Asubuhi nzima alikuwa akiongeza fankisheni sanifu, vipande vya msimbo vyenye jina na mpangilio unaokubalika kote, kwenye maktaba ya lugha ya C, ghala ambamo programu zote za mfumo wao huchota kazi zao za kila siku. Mfumo huo ndio unaoendesha mashine za hospitali, na toleo jipya likitumwa huziingia zote papo hapo. Majaribio yalipita yote, bosi akamgonga begani. "Sasa na sisi tumekuwa watu."

Ila jina la fankisheni ya kunakili lilikuwa na mwenyewe. Zamani yeye fundi alijitungia yake, yenye jina hilohilo, na aliipanga hivi: taja kwanza unakotoa, kisha unakopeleka. Hii sanifu inataka kinyume. Programu za zamani sasa zingechukua nafasi tupu na kuifunika juu ya maandishi.

Akabonyeza "sitisha". Kitufe kilikuwa kimeshageuka kijivu. Akakibonyeza tena, na tena, mpaka ukucha ukawa mweupe.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe, kutoka wodini, alikokuwa akimuuguza baba yake fundi.

"Baba watoto, hizi mashine si ndizo zenu? Hii ya kumpimia mzee dawa imejizima, halafu ikajiwasha yenyewe."

"Muite nesi."

"Wote wamekimbilia vitanda vingine. Kote ni hivihivi."

Fundi alikitazama kile kitufe cha kijivu.

"Imeandika nini?"

"Inauliza mgonjwa ni nani. Na dawa inashuka tu."