Alama Mia za Nakijwa

Kikuku cha shule, cha mkononi, kilipima furaha ya kila mwanafunzi kwa alama hadi mia, na mzazi aliitwa mara alama za mwanawe ziliposhuka. Kwa hiyo Mbwambo, seremala wa Same, alipopigiwa simu alitupa randa na kukimbia, vumbi la mbao kichwani.

Mwalimu Senkoro alimpokea akicheka. "Tulia, Baba Nakijwa. Amefika mia! Hatujawahi kuiona hapa."

Binti yake alimrukia. "Baba, nimeelewa kugawanya sehemu! Nimekosea wiki nzima, leo nikaona mwenyewe!"

Mbwambo alimpandisha mabegani, msichana wa miaka kumi, akazunguka naye uwanjani huku darasa zima likishangilia.

Wakati wa kuaga, mwalimu alimpa karatasi atie sahihi. "Ni utaratibu tu. Kuanzia kesho mia ndiyo kawaida yake. Akishuka, tutakuita."

Nyumbani Nakijwa aliwakatia wote chapati vipande vipande, akieleza hesabu yake, na mama yake akacheka mpaka machozi. Baada ya kula, mtoto aliegemea ukuta, kimya, ameshiba.

"Vipi, mwanangu?" Mbwambo aliuliza haraka. "Kuna nini?"

"Hamna, baba. Nimetulia tu."

Mbwambo akakitupia jicho kikuku mkononi mwake, akaanza kumtekenya.