Maiti wa Uwanjani

Wa kuwa Wajapani walipatikana. Wa kuwa maiti hakupatikana hata mmoja.

Walimwambia Sefu mpiga picha kwamba kujilaza maiti ni uchuro. Uwanja wa Msambweni ulijaa vijana wenye bunduki za mbao, wakiigiza vita vya Burma kwa ajili ya sherehe za uhuru. Lakini vita gani hivyo visivyo na maiti?

Na picha ya maiti ndiyo aliyoagizwa na mama yake, Bi Mwanarusi. Baba alikwenda Burma Sefu akiwa tumboni, asirudi. Ami zake walikataa katakata kuweka matanga. Hawamlilii mtu, walisema, ambaye hawajamwona maiti. Basi mama wa watu akakaa miaka nenda miaka rudi, si mke si mjane, kila mwenye kuja kumposa akirudishwa mlangoni. Sefu alidhani mama anataka tu kuona mambo yalivyokuwa, moyo upate kutua. Alimwonea huruma.

Akavaa koti la jeshi aliloacha baba yake, ambalo mama mwenyewe alimtolea sandukuni asubuhi ile. Akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akamwonyesha rafiki yake Randu pa kubonyeza, akajilaza nyasini, mdomo wazi. Jua lilikuwa kali, lakini ubaridi ulimtambaa mgongoni. Alihisi kama mahali pale palikuwa na mtu kabla yake.

"Usicheke," Randu alimwambia. Sefu hakuwa na kicheko.

Alipoisafisha picha alishtuka. Watu walizoea kumwambia kwamba yeye na baba yake ni shilingi kwa ya pili. Sasa aliyaamini maneno yao.

Mama aliipokea. Akaitazama sana. Kisha, ajabu, akachota jivu jikoni, akaisugua nalo mpaka ikachujuka, akaikunja pembe. Akaketi chini, akaanza kuvua bangili zake moja moja, kama mjane anayeingia eda.

Sefu aliingiwa na hofu. Aliona akili za mama zimeruka, na yeye ndiye aliyeziharibu.

"Mama, huyo si baba. Ni mimi."

"Najua ni wewe, mwanangu," alisema, bila kuinua uso. "Ami zako ndio wasijue."

Halafu akapiga yowe la msiba, na majirani wakaanza kuja mbio.