Migongo Mitatu

Wagombea watatu tuliwapa wakulima wa pamba migongo, tusione nani amejipanga nyuma ya nani. Ndivyo chama chetu cha ushirika cha Shinyanga kilivyochagua mwenyekiti.

Wenzangu walikuwa na watu wao: mmoja Wagika, mwingine Wagalu, mahasimu wa ngoma tangu enzi za babu zao. Mimi Zamoyoni, mgeni kutoka Pangani, nilikuwa na neno moja tu: "Mzani unaotupunja hauulizi ngoma ya mtu."

Vishindo vilikwenda kulia, vikaenda kushoto. Nyuma yangu, kimya. Nikakazia macho pamba iliyonasa kwenye kubazi langu.

Kisha pumzi yenye harufu ya tumbaku ikanigusa shingoni.

"Usigeuke, bwana," alininong'oneza manju wa Wagika, kwa sauti ile ile inayoongoza nyimbo zao. "Wagalu bado wanakuja nyuma yangu."