Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Kiharusi kilikuwa kimeupoozesha mkono wa kulia wa jaji, na tangu hapo Kampire, mhudumu wake kutoka Kongo, ndiye aliyemlisha na kumvisha, nyumbani kwa jaji huko Louisville, Marekani.

Asubuhi hiyo binti yake jaji alimwekea mezani barua ya kustaafu. "Baba, miaka ishirini na nane katika mahakama ya rufaa inatosha. Tia sahihi."

Jaji aliisukuma kando, akavuta karatasi nyingine. Majaji wenzake wawili walikuwa wameamua mama mmoja wa Columbus afukuzwe nchini, awaache wanawe. Yeye alikuwa ametunga maoni ya kupinga uamuzi huo, yakabaki kutiwa sahihi.

"Wao ni wawili, baba, wewe uko peke yako. Umeshashindwa."

"Najua. Lakini itaandikwa kwamba mmoja alikataa."

Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto; ikamponyoka mara mbili. Kampire akataka kumshika kiganja, kama alivyozoea kumsaidia kushika kijiko.

"Shika karatasi, si mimi."

Akaishika. Herufi ya kwanza ilitoka imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Ya pili ikanyooka kidogo.

Binti akanyoosha mkono kuichukua kalamu. Kampire, ambaye hakuwahi kumbishia, akauzuia.

"Bon, basi, madamu, mumuache. Hajamaliza."