Waliobeba Mbegu

Mgeni aliyeshuka kutoka angani, mrefu, ngozi rangi ya majivu, alivua viatu kabla ya kukaribia kisima, kisha akagonga ukingo mara tatu. Bi Mashavu, mtunza kisima, akaduwaa. Desturi hiyo ilikuwa ya mji wake tu.

"Nani kakufunza?"

"Bibi yangu. Naye kafunzwa na bibi yake, mzaliwa wa hapa."

"Kumbe ni nyinyi. Mlipaa mwaka wa njaa na mbegu zote, mkatuacha tunatafuna mizizi. Leo mmerudi, mnapigiwa ngoma za wageni."

"Mama, huko kumekauka. Tuna watoto."

"Sisi tulikuwa na mawe?"

Mgeni akapiga magoti, akakinga viganja. Bi Mashavu akainua kata iliyojaa. Kwa hasira akaizuia kabla haijafika viganjani, ikainama, maji yakaanza kudondoka mchangani, kati yao wawili.