Wageni wa Tangazo

Gizani, mfuniko wa sufuria uligonga mara moja, kisha ukashikwa usilie tena.

Yuliana alifumbua macho. Zamani angeshtuka kusikia mtu jikoni kwake kabla ya jogoo. Sasa alitabasamu. Alijua ni jirani yake, Bi Eufrazia, anabandika uji wa watu wote na hataki kumwamsha.

Tangazo lilikuwa limefanya kazi.

Aliliandika Januari kwa kalamu nyekundu, siku alipomkuta Bi Eufrazia akiwasalimia kuku wake mmoja mmoja kwa jina, maana hakuwa na mwingine wa kumsalimia. *Wazee mnaoishi peke yenu hapa Bigwa, karibuni kwa Mama Prisca kila Alhamisi. Chai ipo, maongezi yapo.* Akabandika moja kanisani, moja dukani.

Mume wake, Thobias, alimcheka. "Utawaweka wapi, na viti vyenyewe ndiyo hivi vinne?" Lakini kabla hajaenda Kisaki kulima ufuta, alichonga benchi.

Alhamisi zikapita. Chai ikapoa. Hakuja mtu.

Kisha, wiki mbili zilizopita, wakaja wote kwa mpigo, alfajiri, na mikeka yao, kuni zao, unga na sukari yao. Wengine walishuka kutoka vijiji vya mlimani ambako tangazo halikufika. Wala hawakungoja Alhamisi. Walikaa moja kwa moja, wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto. Yuliana alisimama mlangoni, Prisca wake wa miaka mitano kamshika gauni, asijue aanze kumkaribisha nani. Kumbe watu wapweke ni wengi hivi.

Asubuhi hiyohiyo Twalibu, aliyekuwa akilima pamoja na Thobias, alileta begi la Thobias. Alisema mvua imekata barabara, wameshindwa kuja wote. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni, na alikuwa akisema na begi kuliko na mtu. Yuliana aliliweka nyuma ya mlango bila kulifungua. Mwenyewe atalifungua akija.

Sasa alijifunga kanga akatoka. Moyoni alikuwa na hofu moja tu. Jana aliwasikia wakinong'ona habari ya kuondoka. Wakiondoka, Bi Eufrazia atarudi kwa kuku wake, mikeka itakunjwa, na nyumba itabaki na mlio wa saa ya ukutani. Mlio huo Yuliana hakutaka kuusikia. Hata redio ilikuwa imezimwa tangu wageni waje. Bi Eufrazia alisema inawachosha wazee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rudi ukakae."

"Leo niachieni nikoroge mimi. Si mimi ndiye mwenyeji?"

Bi Eufrazia aliutoa mwiko mkononi mwa Yuliana polepole, kama anavyonyang'anywa kisu mtoto. "Mwenye nyumba hashiki mwiko. Watu tupo."

Nje, Twalibu alikuwa akichochea moto. Yeye ni mtani wao, na tangu aje mdomo wake haujapoa. "Nyumba ya Waluguru hii," alisema. "Wiki mbili maharage tu. Hakuna hata jogoo mmoja mliyemwonea huruma mkampumzisha?"

"Kuku wa hapa wana majina," Yuliana akamjibu. "Utaweza kumtafuna Kristina?"

"Kristina ndiye yupi? Yule mnene? Nitamwombea kwanza."

Yuliana akacheka, kicheko cha kweli kilichomtoka tumboni. Ghafla bao walilokuwa wakicheza wanaume likasimama. Mikekani, mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga. Yuliana akaziba mdomo. Labda alicheka kwa sauti mno mbele ya wakubwa.

Mzee Yakobo, mjomba wa Thobias, alikuwa akikung'uta koti lake. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake kule juu mlimani. Yuliana alimfuata mbio.

"Mjomba, unakwenda wapi?"

"Kabichi zangu zinaoza, mwanangu."

"Na huko juu utaongea na nani?"

"Na kabichi. Hazinibishii."

"Kaa kidogo tu, mjomba. Thobias akirudi atachonga mabenchi mengine. Tutakuwa tunakutana kila wiki, hakuna atakayebaki peke yake. Nakuomba."

Ukuni ulipasuka motoni. Mzee Yakobo akaketi tena, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa mzigo kichwani. Koti akalikunja mapajani.

Yuliana akashusha pumzi. Wanakaa.

Alirudi ndani akachota uji, akajaza kikombe kikubwa cha bluu cha Thobias, akakifunika kwa kisosi na kukiweka kwenye benchi lake, kama alivyofanya kila asubuhi. Nyuma yake minong'ono ikaanza tena. Aligeuka. Ikakatika.

Prisca alikuwa mapajani mwa Bi Eufrazia muda wote huo. Yuliana alimwita kwa kidole, akachuchumaa, akamnong'oneza.

"Wanasema nini? Wanataka kutuacha?"

Mtoto alitazama kikombe, akatazama begi nyuma ya mlango. Akamshika mama yake mashavu kwa mikono miwili, na hakunong'ona.

"Mama, wanakungoja ulie ndiyo waanue tanga la baba."