Vikombe Viwili vya Chai

Sauti ilipoanza kutoka kwenye spika ya gari la kampuni, wanawake wa kijiji cha Nainokanoka walijifunika nyuso kwa shuka. Wanaume wakaangalia chini. Vedasto, afisa wa kampuni ya kambi za watalii, alidhani wanaona haya, akaongeza sauti.

Ilikuwa sauti ya mume wa Nalangu, haina ubishi, mpaka kile kikohozi chake cha ugoro. Mzee aliyeongoza rika lake miaka thelathini alikuwa akiwabembeleza kwa Kimaasai waiachie kampuni malisho ya kiangazi. Bila malisho hayo, ng'ombe wasingefika masika. Kampuni ilishakuja mara tatu na unga na sukari, na mara tatu ikarudi na karatasi tupu.

"Mmemsikia Mzee Sairowua mwenyewe," Vedasto alisema, akitoa karatasi na wino wa dole gumba. Akawakumbusha kuwa Sairowua ni rafiki wa kampuni toka zamani. Si ndiye waliyemrekodi siku kumi na moja akisimulia mambo ya kale, wakayaweka yote, pamoja na sauti yake, kwenye kompyuta ili Kimaasai kisipotee?

Kila alipolitaja jina hilo, watu waligeuza nyuso kama waliopata harufu ya mzoga. Hakuna aliyelirudia. Hata Metui, mwenyekiti wa kitongoji, alipotakiwa aseme neno, alisema tu "yule mzee", akamtazama Nalangu.

Nalangu akasimama. Kati ya wanawake wote pale ni yeye peke yake asiyekuwa na ushanga hata mmoja, shingoni wala masikioni, na Vedasto alishamweka kwenye hesabu ya mafukara, watu wa kulainishwa kwa kilo mbili za sukari. Mama huyo hakujisumbua kuficha kinyaa chake.

"Haya aliyasema lini?" aliuliza.

"Jana asubuhi, mama. Ofisini kwetu Karatu."

"Wewe ulimwona?"

"Kwa macho yangu haya. Tumekaa naye vizuri tu, amekunywa chai vikombe viwili. Anawasalimu sana."

Mtu mmoja huko nyuma alitema mate. Vedasto alijifanya hakuona, akamsogezea Nalangu wino, maana mke akitangulia, wengine wangefuata.

Nalangu alisogea mpaka kwenye gari. Aliitazama ile spika, kisha akafuta mikono kwenye shuka yake, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Jana asubuhi mimi nilimpitia hapo alipo, kama ninavyompitia kila siku tangu masika ya mwaka jana nilipovua ushanga wangu," alisema. "Nikaongeza jiwe juu ya kaburi lake."